Nyumba ya mbao ya shambani: uikarabati ilipo, uihamishe, au uibomoe ujenge ya mawe?

Nyumba ya babu yangu upande wa Molo ina milango miwili. Wa mbele unatazama bonde, na kizingiti chake bado kina kingo kali kama siku kilipopigwa randa. Wa nyuma unatazama jiko la nje, na kizingiti chake kimelika katikati kama jiwe la kusagia. Babu alikuwa mpishi wa mzungu aliyeijenga nyumba hiyo, akaingia na kutoka kwa mlango wa nyuma miaka nenda miaka rudi. Baada ya uhuru, kampuni ya kununua ardhi ilipowagawia wanahisa wake shamba lile, kura ilimwangukia kwenye kipande chenye nyumba. Wenzake walimpa pole, maana nyumba ilikuwa imekalia mahali ambapo pangeota viazi. Akahamia humo na bibi na watoto. Mpaka anafariki, hakuzoea kupita mlango wa mbele.

Mwaka huu mvua imetulazimisha kuamua. Paa linavuja vyumba viwili, na kona ya kaskazini imetitia. Binamu yangu anataka tubomoe, tuuze mbao, tujenge nyumba ya mawe. Mwenye nyumba ya wageni huko Naivasha ametaka kuinunua nzima, aing'oe ubao kwa ubao, akaisimamishe kwake. Mimi na shangazi tunataka ikarabatiwe pale pale. Tumebishana miezi kadhaa, na katika kubishana nimejifunza mengi ambayo yatamfaa mwingine aliyerithi nyumba kama hii. Bado zipo, Molo, Kinangop, Limuru, Uasin Gishu hadi Trans Nzoia. Nyingine ni madarasa, nyingine zahanati, nyingine ghala la mahindi.

Nasema mapema nimeegemea upande gani: kubaki. Lakini hoja za wengine nitazieleza jinsi wanavyozieleza wenyewe, kwa sababu zina uzito.

Kwanza ujue umerithi nini

Sehemu kubwa ya nyumba hizi ilijengwa kwa mtarakwa. Wakikuyu huuita mutarakwa, Wakipsigis tarakwet, Wamaasai oltarakuai, na kwenye maduka ya mbao wengi husema tu sida. Zamani mbao zake zilisafirishwa ng'ambo kutengenezea penseli. Ukikwangua ubao wa ukuta wetu kwa kisu, chini ya ule weusi wa miaka hutokea wekundu, na harufu yake ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Mchwa hawaupendi kiini cha mti huu, na hauozi upesi ardhini. Pia hukua polepole mno. Ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali umepigwa marufuku kwa miongo mingi, kwa hiyo mbao pana za mtarakwa zilizo kwenye kuta hizo huwezi kwenda kuzinunua leo kwa njia halali ukazipata za aina ile. Hilo peke yake ni jambo la kutosha kukufanya usite kabla ya kushika mtaimbo.

Kuna la pili, na hapa ndipo ubishi wa familia yetu ulipokuwa mkali. Binamu alisema: hiyo ni nyumba ya mkoloni, tuihifadhi ya nini? Swali lake ni la haki. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika waliokaa kwenye mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na haya yote yalifanyika kwenye ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Lakini mlowezi hakupasua mbao hizo. Tulipotambaa chini ya sakafu na tochi, tuliona alama za tezo kwenye boriti, mikwaruzo mifupi iliyopangana kama magamba ya samaki. Kwenye kila kenchi kuna kata za kisu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Na pale kenchi inapokalia, kuna kata za idadi ile ile. Seremala alizichonga chini, akazitia alama, kisha akazipandisha zikaingia mahali pake. Jina lake halikuandikwa popote. Kazi ya mkono wake iko pale, na ukiibomoa nyumba umeifuta.

Wataalamu wa turathi wana namna ya kuyapanga mambo haya. Mwongozo uitwao Burra, uliotolewa Australia mwaka 1979 na unaofuatwa katika nchi nyingi, huuliza thamani ya mahali kwa upande wa uzuri, wa historia, wa elimu inayoweza kupatikana humo, na wa maisha na imani za jamii. Nyumba yetu haina uzuri wa kumfanya mpita njia asimame. Historia inayo, elimu inayo, na kwa jamii ndiko iliko na uzito mkubwa zaidi: watoto saba walizaliwa chumba cha mashariki. Fanya hesabu hiyo kwa nyumba yako kabla hujamwita fundi wala mnunuzi. Ukiona alama zote za thamani zimeshaondolewa, milango imebadilishwa, sakafu ni saruji, kuta nusu ni mabati, basi hoja ya kuitunza hupungua, na usione aibu kukubali hivyo.

Kubaki na kuhama, bega kwa bega

Mfano ulionisaidia kuliko yote uko Japani. Katika bonde la Shirakawa kuna nyumba za wakulima za mbao zenye paa refu la nyasi, mwinuko wake kama viganja viwili vilivyokutanishwa kuomba. Juu, chini ya paa, walifuga viwavi wa hariri. Bwawa la Miboro, lililokamilika mwaka 1961, lilizamisha vitongoji kadhaa, na nyumba nyingi zikang'olewa zikauzwa huku na kule. Baadhi ya nyumba za mtindo huo zilipelekwa Kawasaki, karibu na Tokyo, kwenye makumbusho ya wazi ya Nihon Minka-en yaliyofunguliwa mwaka 1967. Wakati huo huo wakazi wa kijiji kimoja, Ogimachi, waliona kinachotokea wakaungana, na mwaka 1971 wakawekeana masharti matatu: nyumba hazitauzwa, hazitakodishwa, hazitabomolewa. Mwaka 1995 kijiji kikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Nyumba za asili moja, njia mbili. Zilizo Kawasaki zimesalimika. Hazivuji, haziozi, mwanafunzi anaweza kuingia na kuzichunguza kiungo kwa kiungo. Bila kuhamishwa huenda zingepotea. Za Ogimachi nazo zina watu wanaolala ndani, mpunga unaolimwa hatua chache kutoka mlangoni, na ile kazi ya kuezeka upya ambapo majirani zaidi ya mia hupanda paa moja kwa pamoja, leo kwangu kesho kwako. Wao huiita yui. Kwetu ni ngwatio, na msomaji wa Tanga au Upare ataiita msaragambo. Kazi hiyo haiwezi kupakiwa kwenye lori.

Wazo la kuhamisha nyumba za wakulima kwenye makumbusho si geni. Skansen ya Stockholm ilifunguliwa mwaka 1891 kwa kazi ya Artur Hazelius, na wengi duniani wakaiga. Dar es Salaam tuna Kijiji cha Makumbusho tangu miaka ya 1960, ingawa pale nyumba zilijengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali badala ya kung'olewa vijijini. Nimekitembelea, na nakiheshimu kwa dhati. Lakini ukisimama mbele ya nyumba ya Kihehe ukiwa unasikia magari ya barabara ya Bagamoyo, unaelewa ni kitu gani hakikuweza kuja.

Mwongozo wa Burra unalisema hili waziwazi: mahali kitu kilipo ni sehemu ya thamani yake, na kukihamisha hakukubaliki isipokuwa kama hiyo ndiyo njia pekee ya kukiokoa. Kwa nyumba ya babu nililiona hili kwa miguu yangu. Toka mlango wa nyuma, pita jiko la nje, teremka hatua kama sitini, unafika kwenye mstari wa mikaratusi. Hapo ndipo vilipokuwa vibanda vya wafanyakazi. Kizingiti kililika kwa sababu ya njia ile. Mnunuzi wa Naivasha angekibeba kizingiti, tena kwa uangalifu, lakini kule kingeelekea bwawa la kuogelea.

Nisiwafiche, kubaki mahali pake hakuhakikishi kila kitu. Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, chini ya vilima vya Ngong, ambayo ni ya mawe na ilijengwa mwaka 1912, haijasogea hata shubiri. Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya mwaka 1964, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Shamba la kahawa lililoizunguka, hata hivyo, lilikatwa viwanja zamani, na leo limekuwa mtaa. Kwa hiyo ukichagua kubaki, fikiria pia ekari zinazoizunguka. Mkigawana urithi mkapitisha mpaka katikati ya jiko na nyumba, mmeihamisha bila kuing'oa.

Kuhamisha kuna ugumu wake wa ufundi pia, na watu hawaambiwi. Kila ubao hupigwa picha na kutiwa namba, kisha kazi huanza juu kushuka chini: mabati, kenchi, kuta, sakafu. Mtarakwa mkavu hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake. Ndiyo maana wazee waliweza kuupasua kwa kabari, na ndiyo maana ubao wa miaka themanini ukichomolewa msumari hupasuka pale pale kwenye tundu. Fundi mwaminifu atakuambia kabla ya kazi kwamba mbao kadhaa za nje hazitafika. Tena nyumba ikitoka Molo kwenye ubaridi na ukungu kwenda Naivasha kwenye ukavu, mbao husinyaa na nyufa hufunguka. Hilo lina dawa, lakini ni gharama juu ya gharama.

Lini basi uhamishe? Barabara au bwawa linakuja na serikali imeshatoa notisi. Ardhi inaporomoka. Au familia imetawanyika kabisa, hakuna atakayelala humo, na jirani ameshaanza kuchomoa mbao usiku. Hapo mnunuzi mwenye nia njema ni bora kuliko mvua. Mwekee tu masharti kwa maandishi: aisimamishe nzima, abandike maelezo ya ilikotoka, na akuachie nakala ya michoro na picha zote.

Kubomoa

Nimpe binamu haki yake. Nyumba ya mawe ya kuchonga haiogopi moto kama ya mbao. Haimlazimu mtu kupanda paani kila mwaka. Benki ikija kuithamini huielewa, na mpangaji huielewa. Mama yake anaumwa magoti, na ngazi tano za baraza la mbele ni mateso kwake. Mambo haya ni ya kweli, na mtu anayekuhubiria turathi bila kuyagusa hajawahi kulala kwenye chumba kinachovuja.

Lakini angalia pesa za mbao zenyewe. Wanunuzi wa mbao kuukuu wapo, hutengenezea meza na makabati, na mtarakwa wanautafuta. Wanachonunua ni vipande virefu, safi, visivyo na misumari. Mabanzi ya ukuta wa ghala, vigae vya mbao vilivyo chini ya mabati, fremu zilizopinda, hivyo huishia kuni. Kwetu tulipomwita mnunuzi akadirie, kiasi alichotaja hakikufikia hata kuinua kuta za nyumba ya mawe anayoitaka binamu. Pata makadirio yako kwanza, kwa maandishi, kutoka kwa watu wawili. Mara nyingi ndoto ya kubomoa hujengwa juu ya bei ambayo hakuna aliyeitaja.

Na kuna njia ambayo watu huiruka: jenga ya mawe pembeni, ndogo, isiyo na ngazi, kwa ajili ya mgonjwa, na ya mbao ibaki kwa kazi nyingine. Nakuru kuna mfano mzuri wa nyumba ya shambani iliyopewa kazi mpya: makumbusho ya Hyrax Hill yamo ndani ya iliyokuwa nyumba ya mwenye shamba. Yako si lazima iwe makumbusho. Chumba cha kusomea watoto, ofisi ya ushirika wa maziwa, vyumba viwili vya wageni. Kinachoiua nyumba ya mbao upesi ni kufungwa. Madirisha yakikaa bila kufunguliwa unyevu hujikusanya, na hakuna wa kusikia tone la kwanza likidondoka.

Kuikarabati: kazi yenyewe

Chukua kisu chenye ncha nyembamba ushuke chini ya sakafu. Anza na boriti ya chini, ile inayolala juu ya nguzo na kubeba ukuta wote. Choma kila hatua moja. Ncha ikigoma baada ya kuingia kidogo tu, mbao ni nzima hata kama kwa nje ni nyeusi. Ikizama kama kwenye mkate, pameoza, na endelea pande zote mpaka upate pagumu. Kwetu tulidhani kona nzima imekwisha. Kisu kilituonyesha kwamba kilichooza ni miguu miwili ya nguzo na kipande cha boriti kisichozidi urefu wa mtu.

Sababu yake tuliiona hapo hapo. Miaka kadhaa iliyopita mjomba, kwa nia njema, alimwaga saruji kuzunguka miguu ya nguzo ili "kuziimarisha". Saruji ikashika maji kama bakuli, na mguu ukaoza ndani yake. Wajenzi wa kwanza walijua walichokuwa wakifanya: nguzo zilikalia mawe, juu ya kila nguzo waliweka kofia ya bati ya kuzuia mchwa kupanda, na chini ya sakafu waliacha nafasi ya upepo kupita. Makosa mengi yanayoua nyumba hizi ni ya namna hiyo: saruji ukutani, rangi nzito ya mafuta inayofungia unyevu ndani, udongo wa bustani uliorundikwa mpaka ukagusa mbao. Acha angalau shubiri mbili kati ya udongo na ubao wa kwanza. Kwa kuta, babu alipaka oili chafu ya trekta kama majirani wote, na ndiyo iliyozitia weusi. Imesaidia dhidi ya maji, lakini huongeza hatari ya moto, na siwezi kuipendekeza kwa nyumba yenye watu.

Matengenezo yenyewe hayatishi. Nyumba huinuliwa kidogo kidogo kwa jeki za lori, mguu uliooza hukatwa, na mguu mpya huungwa kwa kata ya mshazari ndefu ili mbao mbili zibebane. Miongozo ya kimataifa ya majengo ya mbao, ya mwaka 1999 na ya 2017, inasema badilisha kile tu kilichoharibika, tumia mbao ya aina ile ile inapowezekana, fuata kiungo kile kile, na tia alama kwenye kipande kipya ili vizazi vijavyo vijue. Kwa mtarakwa mpya, nguzo za ua zilizozeeka shambani mwenyewe mara nyingi zinatosha. Sisi tulizipata sita.

Waya za umeme zitazame kabla ya rangi. Na jiko la kuni libaki nje, kama walivyoliweka.

Sheria na karatasi

Wengi hudhani nyumba ikishakuwa ya zamani inalindwa yenyewe. Sivyo. Kwa Kenya, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 hulinda jengo baada ya waziri kulitangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, na likishatangazwa huwezi kulibadilisha bila idhini. Tanzania, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. Nyumba ya mlowezi ya Lushoto au Mufindi haimo humo mpaka itangazwe. Maana yake uamuzi uko mikononi mwako, na uzito wake pia. Kwa Kenya, makumbusho na utamaduni vimo pia katika majukumu ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo anza kubisha hodi huko.

Jambo moja karibu litutie matatani. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la babu. Kuuza au kubomoa mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi ni kosa la jinai. Mnunuzi wa Naivasha alikuwa tayari kulipa nusu siku ile ile. Shukuru Mungu shangazi aliuliza karatasi ziko wapi.

Tulikofika

Kama sehemu kubwa ya boriti ya chini ni nzima, na kuna hata mtu mmoja atakayelala humo, karabati ilipo. Kama mahali penyewe panapotea, hamisha, kwa masharti. Bomoa pale kisu kinapozama kila upande. Na hata hapo, tumia siku mbili kupiga picha, kupima vyumba, na kuwarekodi wazee wakiitembea nyumba chumba kwa chumba, kwa sababu wao nao hawatakuwapo daima.

Sisi tumekubaliana kukarabati, na kujenga vyumba viwili vya mawe pembeni kwa ajili ya mama yake binamu. Binamu ndiye aliyepima viwanja. Jeki zilifika wiki iliyopita, na kona imeinuka upana wa vidole vitatu. Fundi alipofika mlango wa nyuma alikitazama kizingiti, akasema anaweza kukichomoa na kukigeuza, ubavu wa chini uje juu, kiwe sawasawa kama kipya. Ni ushauri mzuri, mafundi wengi hufanya hivyo. Shangazi aliinama akakipangusa vumbi kwa ncha ya leso yake, akamwambia, "Kiache, mwanangu. Hapo ndipo baba alipokanyaga." Fundi akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye fremu: ISIGUSWE.